Maurice Stokes, mutoto wa Pittsburgh mwenye aliomba azikwe kwenye chuo chake

Loretto ni muji mudogo wa Pennsylvania, Marekani, katika milima ya Allegheny. Pale kuko chuo cha Wafransiskani chenye kinaitwa Saint Francis, na ndani ya eneo la chuo kuko makaburi ya wale watawa. Katikati yao amelala mutu moja mwenye hakuwa frateri wala padri. Alikuwa muchezaji wa basketi, murefu wa metre 2, na yeye mwenyewe njo aliomba wamuzike pale. Jina lake ni Maurice Stokes.

Alizaliwa tarehe 17 mwezi wa 6 mwaka wa 1933 kule Rankin, pembeni ya Pittsburgh. Alizaliwa pacha na dada yake, na jumla nyumbani walikuwa watoto 4. Baba yake alitumika katika kiwanda cha chuma, mama yake alifanya kazi za nyumbani kwa watu. Wakati Maurice alikuwa na miaka 8, familia ilihamia Homewood, ndani ya Pittsburgh yenyewe.

Sekondari alisomea Westinghouse. Mutu anaweza kufikiri kama nyota ya basketi inaonekana siku ya kwanza tu. Kwa Stokes haikukuwa vile. Miaka mbili ya kwanza hakukuwa kati ya wale 5 wenye kuanza mechi. Alikaa kwenye benchi, akiangalia wenzake. Nyuma ya pale akapata nafasi, na Westinghouse ikabeba kombe la muji mwaka wa 1950 na tena mwaka wa 1951.

Ule mwaka wa 1950 kuko jambo lingine lilifanyika. Chuck Cooper, mwenye alimaliza kwenye masomo yale yale ya Westinghouse, alichaguliwa na ekipe ya Boston Celtics. Alikuwa mutu mweusi wa kwanza kuchaguliwa katika ligi kubwa ya NBA. Mbele ya pale, kijana mweusi angecheza vizuri namna gani, mulango wa ile ligi ulikuwa umefungwa. Stokes alikuwa na miaka 16. Mutu wa masomo yake ndiye alipita wa kwanza.

Mwaka wa 1951 akaingia Saint Francis. Kilikuwa chuo kidogo, mbali na miji mikubwa, chenye jina lake halikusikika sana katika michezo. Lakini kocha Skip Hughes alimupa kiwanja, na kwa miaka 4 Stokes alikijaza. Alifunga zaidi ya pointi 2,200. Tena alikuwa na nguvu ya ajabu kwenye ribaundi, ndiyo kusema kukamata mupira wenye kurudi kutoka kwenye kikapu. Alikuwa muzito na mupana kama mutu wa kubeba mizigo, lakini alikimbia na kupitisha mupira sawa muchezaji mufupi. Wakati ule watu warefu walizoea kusimama tu chini ya kikapu.

Mwezi wa 3 mwaka wa 1955, Saint Francis walialikwa New York kwenye mashindano ya NIT, katika Madison Square Garden. Siku zile NIT ilikuwa na heshima kubwa sana. Ekipe ya kutoka mulimani ikashinda Seton Hall, kisha Holy Cross, ikafika nusu fainali. Pale wakakutana na Dayton. Stokes peke yake alifunga pointi 43, lakini Dayton wakashinda katika dakika za kuongeza. Mechi ya kutafuta nafasi ya 3 nayo wakaipoteza mbele ya Cincinnati. Wakarudi nyumbani na nafasi ya 4, bila kombe. Hata vile, wenye kuamua walimuchagua Stokes kuwa muchezaji bora wa mashindano yote. Kumupa zawadi ile mutu wa ekipe ya 4 si jambo la kila siku.

Katika ile ekipe ya Cincinnati kulikuwa kijana moja mweupe, Jack Twyman, yeye pia mutoto wa Pittsburgh. Mwaka ule ule wa 1955, Rochester Royals waliwachukua wote wawili. Wapinzani wakawa wenzake.

Katika NBA, Stokes alicheza misimu 3 tu. Wa kwanza alichaguliwa kuwa muchezaji mupya bora. Tarehe 12 mwezi wa 3 mwaka wa 1958, kule Minneapolis, alianguka na kupiga kichwa chini. Alizimia, wakamuamusha, akarudishwa kiwanjani. Leo munganga hawezi kukubali mambo kama yale. Siku 3 nyuma ya pale alicheza tena, Detroit. Ndani ya ndege ya kurudi Cincinnati akashikwa na ugonjwa, mwili ukakufa ganzi wote, na sauti ikaenda. Alikuwa na miaka 24.

Twyman, mwenye alikuwa na miaka 23, alikubali mbele ya sheria kuwa musimamizi wake. Alitafuta feza za lopitali, akapanga mechi za kumusaidia kila mwaka. Kwa kuzungumuza, Twyman alitaja herufi moja moja, na Stokes akapepesa jicho kwenye ile alitaka.

Miaka 12 ilipita vile. Stokes alikufa tarehe 6 mwezi wa 4 mwaka wa 1970, kwa ugonjwa wa moyo, na miaka 36. Wakamupandisha Loretto, kama vile aliomba, kule kwenye alikimbia kwa miguu yake miaka 4. Nyumba ya michezo ya chuo iko na jina lake. Mwaka wa 2004, wakati jina lake liliingizwa kati ya wakubwa wa basketi wa Marekani, mutu mwenye alisimama kupokea kwa niaba yake alikuwa Jack Twyman.