ROBERT RAIKES NA WATOTO WALIOSHINDIKANA

Kila Jumapili tunawaona watoto wetu wakienda darasani wamevaa nguo safi. Ni vema tukumbuke kwamba shule ya Jumapili haikuenea kwa ajili ya watoto wenye adabu tu. Mtu aliyeieneza aliwatafuta wale ambao mji mzima ulisema wameshindikana.

Mtu huyo ni Robert Raikes, aliyezaliwa mwaka 1736 katika mji wa Gloucester, Uingereza. Baba yake alikuwa mpiga chapa, tena mwenye gazeti la Gloucester Journal. Alipofariki mwaka 1757, Robert akairithi kazi hiyo.

Katika mji huo palikuwa na gereza, na Raikes alikuwa na desturi ya kuwazuru wafungwa. Aliwakuta wengine hawana chakula, akaomba msaada kwa njia ya gazeti lake. Alipompata mfungwa ajuaye kusoma, alimpa zawadi ili awafundishe wenzake. Alijitahidi hivyo kwa miaka mingi, lakini matunda yalikuwa machache. Akatambua kwamba anawafikia watu hao wakiwa wamekwisha kuchelewa. Wahenga wetu wamesema, samaki mkunje angali mbichi.

Siku moja alikwenda pembeni mwa mji kutafuta mtu wa kumtunzia bustani. Akaona kundi la watoto wenye nguo zilizoraruka, wakicheza ovyo njiani. Akamwuliza mama mmoja wa pale habari zao. Yule mama akamweleza kwamba siku ya Jumapili hali huwa mbaya zaidi. Siku sita watoto hao walikuwa katika kiwanda cha pini. Siku ya saba waliachwa huru, wakashinda wakitukana na kupigana. Shule za serikali hazikuwapo. Hata sheria ya kumlazimisha kila mtoto wa Uingereza kwenda shule ilikuja miaka 100 baadaye, mwaka 1880.

Basi mwaka 1780 Raikes akaanza, akishirikiana na kasisi mmoja wa mji huo, Thomas Stock. Hawakungoja kujenga jengo. Waliwatafuta akina mama waliokuwa wakifundisha watoto majumbani mwao, na Raikes akakubali kuwalipa shilingi moja kwa kazi ya siku. Watoto walifika saa nne asubuhi, wakasoma hadi saa sita. Walirudi saa saba, wakasoma tena, kisha wakapelekwa kanisani. Baada ya ibada walijifunza katekisimu hadi saa kumi na moja, halafu wakaagizwa kwenda nyumbani bila makelele. Masharti yalikuwa madogo: mikono safi, uso safi, nywele zimechanwa. Asiye na shati zuri alikuja na lile alilo nalo.

Wako waliompinga. Wengine walidai kwamba kufundisha Jumapili ni kuivunja Sabato. Wengine waliogopa kwamba maskini akijua kusoma atakataa kazi na kuwadharau wakubwa. Raikes hakugombana nao. Alikaa kimya karibu miaka mitatu ili ayaone matokeo kwanza, kisha mwezi wa Novemba 1783 akatangaza habari hizo katika gazeti lake. Miji mingine ikafuata, na mwaka 1785 chama cha kusaidia shule hizo kikaanzishwa London na William Fox.

Si haki kumpa Raikes sifa zote. Hannah Ball alikuwa na shule ya namna hiyo tangu mwaka 1769, na bila kasisi Stock na wale akina mama kazi isingesimama. Lakini Raikes ndiye aliyekuwa na gazeti, naye akalitumia kwa ajili ya watoto wasio na msemaji.

Alifariki tarehe 5 Aprili 1811, akazikwa katika kanisa la St Mary de Crypt, Gloucester. Kwa agizo lake, watoto wa shule ya Jumapili waliofuata jeneza lake walipewa kila mmoja shilingi moja na keki ya zabibu.

Ndugu msomaji, katika mtaa wetu pia wako vijana tunaowapita njiani tukitikisa kichwa. Raikes naye aliwapita wa kwao, ila yeye alisimama akauliza habari zao. Je, sisi tumemwuliza nani?