James Watt: Fundi aliyetenga joto na baridi akaiokoa injini ya mvuke

KILA inapotangazwa nchini kwamba mtambo fulani umeongeza megawati kadhaa kwenye gridi ya taifa, jina la fundi mmoja wa Scotland hutajwa bila wengi kutambua. Wati, kizio cha kupimia nguvu, kilipewa jina hilo mnamo 1882 kwa heshima ya James Watt, zaidi ya miaka 60 baada ya kifo chake.

Wengi hudhani kuwa Watt ndiye aliyevumbua injini ya mvuke. La hasha. Injini hiyo ilikuwa ikivuta maji migodini tangu 1712, miaka mingi kabla yake kuzaliwa. Alichobuni yeye ni kondensa iliyotengwa na silinda, yaani chombo cha pembeni cha kupozea mvuke hadi ugeuke maji.

Watt alizaliwa Januari 19, 1736 katika mji wa bandari wa Greenock. Baba yake alikuwa mjenzi wa meli na mfanyabiashara. Kwa kuwa mtoto huyo alikuwa dhaifu na aliumwa na kichwa mara kwa mara, mama yake, Agnes, alimfunza nyumbani kwa muda kabla ya kumpeleka shuleni. Huko alionyesha kipawa cha hisabati, na katika karakana ya baba yake mikono yake ikazoea vifaa vya ufundi.

Mwaka wa 1755 alisafiri hadi London kujifunza kutengeneza vyombo vya kupimia. Uanagenzi wa kawaida ulichukua miaka saba; yeye alikaa mwaka mmoja tu, akijinyima usingizi na chakula hadi afya yake ikazorota. Aliporejea Scotland, Chuo Kikuu cha Glasgow kilimpa chumba cha kufanyia kazi mnamo 1757.

Ni katika chumba hicho ambapo, majira ya baridi ya 1763 na 1764, aliletewa kielelezo kidogo cha injini ya Thomas Newcomen akitengeneze. Alikitengeneza, lakini kilipiga mapigo machache tu kisha kikasimama. Fundi mwingine huenda angekirudisha na kudai ujira wake. Watt alitaka kujua mvuke ulikuwa ukipotelea wapi.

Katika injini ya Newcomen, mvuke uliingia ndani ya silinda, kisha maji baridi yakanyunyizwa humo humo. Mvuke unapogeuka maji, hujikunyata hadi nafasi ndogo mno, kwani maji yakiwa mvuke huchukua nafasi zaidi ya mara 1,600. Ndani ya silinda hubaki ombwe, na uzito wa hewa ya nje huisukuma pistoni chini. Kasoro ni kwamba silinda ile ile iliyopozwa ilihitaji kupashwa moto upya kwa kila pigo. Vipimo vya Watt vilionyesha kwamba takriban robo tatu ya mvuke iliishia kuipasha moto silinda badala ya kufanya kazi. Profesa Joseph Black, rafiki yake chuoni, alimweleza kuhusu joto fiche, lile ambalo mvuke huliachilia unapogeuka maji.

Hapo ndipo palipokuwa na kitendawili. Silinda ilipaswa kuwa moto ili mvuke usipotee bure, na papo hapo ilipaswa kuwa baridi ili mvuke ugeuke maji. Jawabu lilimjia Jumapili moja ya mwezi Mei, 1765, akitembea katika uwanja wa Glasgow Green. Kwa vile mvuke hukimbilia popote penye ombwe, silinda ingeweza kuunganishwa kwa bomba na chombo kingine kilicho baridi daima. Mvuke ungekimbilia humo na kugeuka maji, nayo pampu ingeyatoa maji hayo pamoja na hewa. Silinda ingebaki moto na kondensa ingebaki baridi, na hakuna ambayo ingemharibia mwenzake kazi.

Watt alijaribu aina mbili za kondensa. Katika ya kwanza, mvuke hupozwa na kuta za chuma chembamba kilichozungukwa na maji baridi, bila mvuke na maji hayo kuchanganyika. Katika ya pili, maji baridi hurushwa moja kwa moja ndani ya mvuke. Hii ya pili ilikuwa rahisi kuunda na kutunza, nayo ndiyo aliyoichagua kwa injini zake kubwa.

Hata hivyo, wazo peke yake halikumlisha. Miaka 11 ilipita kabla ya injini zake za kwanza kuanza kazi migodini na viwandani. John Roebuck, mwenye kiwanda, alimlipia madeni na kugharamia hataza aliyoipata mwaka wa 1769, lakini mafundi wa wakati huo hawakuweza kuchonga silinda iliyo mviringo sawasawa. Ili kukimu familia, Watt aliacha injini na kwenda kupima njia za mifereji. Mwaka wa 1773 alikuwa mbali kaskazini mwa Scotland katika kazi hiyo wakati mkewe, Margaret, alipofariki akijifungua. Mwaka huo huo Roebuck alifilisika.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Matthew Boulton, mwenye viwanda wa Birmingham, alichukua fungu la Roebuck, na mnamo 1774 Watt akahamia huko. Mwaka uliofuata Bunge liliongeza muda wa hataza hadi 1800. John Wilkinson, aliyebuni mashine ya kutoboa mizinga, alichonga silinda zilizohitajika. Injini za kwanza zilianza kazi mnamo 1776.

Wenye migodi ya Cornwall, ambako makaa ya mawe yalikuwa ghali, waliinunua kwa sharti la kulipa thuluthi moja ya thamani ya makaa waliyookoa. Baadaye wengi wao walichoshwa na malipo hayo, kesi zikajaa mahakamani. Watt aliilinda hataza yake bila huruma na kuupinga mvuke wa shinikizo kubwa, akiuona kuwa wa hatari. Richard Trevithick na wenzake walipata nafasi ya kusonga mbele hataza hiyo ilipokwisha.

Sifa zake zina doa jingine. Biashara ya baba yake ilihusu bidhaa zilizotokana na jasho la watumwa, na baadhi ya injini za kampuni ya Boulton na Watt ziliuzwa kwa mashamba ya miwa ya Karibi yaliyoendeshwa kwa utumwa.

Watt alistaafu mwaka wa 1800, akafariki Agosti 25, 1819 akiwa na umri wa miaka 83, akazikwa katika kanisa la St Mary's, Handsworth.

Aina zote mbili za kondensa alizojaribu zingali kazini. Meli za karne ya 19 zilirudi kwenye ile ya kuta za chuma, kwani maji ya chumvi yalipochanganyika na mvuke hayakufaa kurudishwa katika boila. Mitambo mikubwa ya makaa ya mawe na ya nyuklia hutumia aina hiyo pia. Huko Olkaria, karibu na Naivasha, ambako umeme wa mvuke wa ardhini ulianza kuzalishwa mwaka wa 1981, ipo mitambo ambamo mvuke ukishazungusha tabo hukutana ana kwa ana na maji baridi, sawa na katika injini alizouza Watt. Ipo pia ambayo kondensa zake hupozwa kwa hewa, njia inayopunguza matumizi ya maji.