FREDERICK BANTING, MGUNDUZI WA INSULINI

Mwanafunzi, fikiri kwamba umefika sokoni Kariakoo asubuhi bila kula chochote. Unapita penye mafungu ya ndizi, maembe na mihogo. Harufu ya chapati inakujia na tumbo linanguruma. Unanunua chapati na chai, unakula, na baada ya muda njaa inakwisha. Je, ubongo wako umejuaje kwamba umeshiba? Na sukari iliyotoka katika chapati ile imekwenda wapi?

Chakula kifikapo katika utumbo mwembamba, wanga hugeuzwa kuwa sukari, nayo huingia katika damu. Wakati huo kuta za utumbo hutoa homoni. Homoni ni wajumbe wa mwili wasafirio katika damu. Baadhi yao hupeleka habari kwenye ubongo, nawe ukajiona umeshiba. Wengine hulihimiza kongosho, tezi iliyo nyuma ya tumbo, litoe homoni iitwayo insulini. Insulini huiwezesha misuli kuipokea sukari, na hulifanya ini liweke akiba. Ikikosekana, sukari hujaa katika damu na kutoka na mkojo, na mwili hukonda ingawa mtu anakula. Ugonjwa huo ndio kisukari.

Zamani mtoto aliyepatwa na kisukari cha namna hiyo hakuwa na tumaini. Madaktari walimpa chakula kidogo mno ili sukari isizidi, naye akaishi muda mfupi tu, akiwa na njaa kila siku. Mtu aliyesaidia kuiondoa huzuni hiyo ni Frederick Banting.

Banting alizaliwa tarehe 14 Novemba, 1891, katika shamba karibu na mji wa Alliston, nchini Kanada. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Toronto, akamaliza mwaka 1916, kisha akaingia jeshini wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Vita hivyo ndivyo vilivyoleta Dar es Salaam kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza. Jina la kikosi hicho, likitamkwa kwa Kiswahili, ndilo lililokuwa Kariakoo. Mwaka 1918, huko Ufaransa, Banting alijeruhiwa mkono, lakini aliendelea kuwatibu wenzake kwa saa nyingi.

Mwaka 1920 alifungua chumba cha kutibia wagonjwa, lakini wagonjwa walikuwa wachache sana. Usiku mmoja wa Oktoba, akitayarisha somo juu ya kongosho, alipata wazo. Tangu mwaka 1889 wataalamu walijua kwamba mbwa akiondolewa kongosho hupatwa na kisukari. Lakini kongosho hutoa pia majimaji ya kusaga chakula, na Banting alidhani kwamba majimaji hayo huiharibu homoni inapotafutwa. Je, mirija yake ikifungwa, majimaji yakakoma, homoni haitapatikana?

Profesa John Macleod wa Toronto alimpa chumba, mbwa wa majaribio na msaidizi kijana, Charles Best. Walianza kazi mwezi Mei, 1921. Mbwa wengi walikufa, lakini wao hawakukata tamaa. Kabla ya mwaka kwisha walipata maji ya kongosho yaliyoshusha sukari katika damu ya mbwa wagonjwa. Baadaye waligundua kwamba hapakuwa na haja ya kufunga mirija. Kongosho la ng'ombe kutoka machinjioni, likitiwa katika spiriti, lilitosha. Angalia basi: wazo la kwanza halikuwa sahihi lote, lakini majaribio yaliwaonyesha njia.

Tarehe 11 Januari, 1922, mvulana mmoja, Leonard Thompson, alipigwa sindano ya kwanza. Dawa haikuwa safi, wala haikumfaa. Mtaalamu James Collip akaisafisha, na tarehe 23 Januari mvulana akapewa tena. Sukari ikashuka na nguvu zikaanza kumrudia. Aliishi miaka 13 zaidi.

Banting angeweza kutajirika. Badala yake, haki ya dawa hiyo iliuzwa kwa chuo kikuu kwa dola moja tu kwa kila mgunduzi. Mwaka 1923 yeye na Macleod walipewa Tuzo ya Nobel. Banting alimgawia Best nusu ya fedha zake, na Macleod akamgawia Collip. Banting alikufa katika ajali ya ndege mwezi Februari, 1941. Siku aliyozaliwa, tarehe 14 Novemba, ndiyo Siku ya Kisukari Duniani.

Insulini haiponyi kisukari, bali humwezesha mgonjwa kuishi, naye huihitaji kila siku. Kwa hiyo, ukimwona mwenzako darasani ana kiu isiyokwisha, anakwenda haja ndogo mara kwa mara, na anakonda ingawa anakula, usimcheke. Mwambie mwalimu au mzazi upesi, ili apelekwe hospitali akapimwe. Kisukari hakiambukizi, lakini kuchelewa kunaweza kuua.

MASWALI
1. Homoni ni nini? Taja kazi mbili za homoni za utumbo.
2. Kwa nini mgonjwa wa kisukari hukonda ingawa anakula?
3. Ni wazo gani la Banting ambalo halikuwa la lazima? Walilijuaje hilo?
4. Taja dalili tatu za kisukari, kisha eleza utakavyofanya ukiziona kwa mwenzako.