Gandhi na Vita vya Nafsi

Kila nisimamapo gatini Lamu, maji yakikokota mashua, humkumbuka kijana mmoja wa Kihindi aliyepita hapo mwaka 1893 akakaribia kuachwa na meli. Nahodha alikuwa amekwisha kumwonya kwamba mkondo wa bandari ile hauna mchezo. Kijana akateremka hata hivyo, akaenda kuwaona makarani wa Kihindi wa posta, na wakati wa kurudi mashua aliyopanda ikashindwa na maji. Alipofika kwa taabu, ngazi ya meli imekwisha pandishwa, ikabidi avutwe juu kwa kamba. Kijana huyo ni Mohandas Karamchand Gandhi, wakili wa miaka 23, akienda Afrika ya Kusini kumtumikia tajiri wa Kiislamu, Dada Abdulla.

Kisa cha Lamu kinachekesha. Kilichofuata Unguja hakichekeshi. Huko alikaa zaidi ya juma moja akingojea meli nyingine, na yule nahodha, aliyekuwa amemfunza kucheza sataranji, akamwalika matembezi. Gandhi hakujua ni matembezi gani mpaka alipojikuta chumbani mwa mwanamke mwenye kuuza mwili wake. Akasimama pale, aibu imemjaa, kisha akatoka kama alivyoingia. Wengine wangalijisifu. Yeye alimshukuru Mungu, lakini akajilaumu kwa kukosa ushujaa wa kukataa tangu mlangoni. Naona hapo ndipo penye siri ya mtu huyu: hakujihesabia ushindi usio wake. Na asingaliandika mwenyewe uzeeni, nani kati yetu angalijua?

Nafsi yake aliijua tangu ujanani. Alizaliwa Porbandar, Gujarat, mwaka 1869, akaozwa Kasturba akiwa na miaka 13. Mwaka 1885 baba yake alikuwa mahututi, naye humkanda miguu kila usiku. Usiku mmoja ami yake akapokea zamu, na kijana akakimbilia kwa mkewe. Dakika chache tu, mlango ukagongwa: baba amefariki. Hakuisahau aibu ile maisha yake yote.

Alipokuwa akisoma sheria London ndipo alipoisoma kwanza Bhagavad Gita, kitabu kitukufu cha Mabaniani. Mlango wa pili, alioupenda mno, unaonyesha jinsi mtu anavyoangamia: fikra ikikaa juu ya kitu huzaa mapenzi, mapenzi huzaa tamaa, tamaa huzaa ghadhabu, na ghadhabu huondoa akili. Wataalamu wa elimu ya nafsi nao wanasema tamaa ni nyepesi kuzuilika inapoanza kuliko ikishapamba moto. Sisi tuliokaa chuoni hatuoni ugeni hapo. Ramadhani hutufunza hayo kila mwaka.

Ila kujua si kuweza. Huko Durban, mwaka 1898, alimtaka mkewe amwage chombo cha haja cha karani mmoja aliyekaa nyumbani mwao. Kasturba akalitenda huku akilia, na Gandhi akaghadhibika kwa kuwa halitendi kwa furaha! Akamshika mkono, akamburura hadi langoni amtoe nje. Mke akamwuliza aende wapi katika nchi ya ugeni. Hapo mume akaona haya, akalifunga lango.

Mwaka 1906 akaweka nadhiri ya kutomkurubia mke tena. Dini yetu haina utawa, nami simfuati huko. Tena ukali aliojitia mwenyewe aliwatia na wanawe. Harilal, mkubwa wao, alinyimwa masomo ya Uingereza aliyoyatamani, na wakafarakana.

Lakini Februari 1922, wafuasi wake walipowaua askari polisi 22 huko Chauri Chaura, aliisimamisha harakati ya Bara Hindi nzima, wenzake wakimkasirikia. Aliyeliona lango la Durban alijua ghadhabu ikifunguliwa yafika wapi.

Januari 1948, mzee wa miaka 78, alifunga kula huko Delhi tangu tarehe 13 hadi 18, ili Waislamu wakae kwa amani na misikiti yao iliyotwaliwa irejeshwe. Viongozi wa mji wakaahidi. Tarehe 27 akahudhuria ziara ya Khwaja Qutbuddin Bakhtiar Kaki, Mehrauli. Tarehe 30, akielekea kwenye sala ya jioni, akapigwa risasi na Baniani mwenziwe.