Aliacha Shule Akiwa Mtoi, Akachizi na Sayansi, Leo Stima ya Mtaa Wako Inatoka Kwa Wazo Lake: Cheki Stori ya Michael Faraday

Kuna kitu unakipenda hadi unaogopa kukibonga mbele ya mabeste. Wao wanapiga stori za boli na kubeti, wewe kichwani unajiuliza mbona simu inapata moto ikichaji. Ukifungua mdomo tu, unaitwa chopi, wasee wanacheka, unanyamaza. Kama huyo ni wewe, tulia hapa dakika chache. Kuna msee wa London alikuwa hivyo hivyo, na alikuwa amesota kukuliko.

Anaitwa Michael Faraday. Alizaliwa tarehe 22 Septemba 1791, familia ya kawaida kabisa. Buda alikuwa fundi wa vyuma, lakini mgonjwa mgonjwa, kwa hivyo kazi ilikuwa ya leo ipo kesho haipo. Kuna wakati bei ya chakula ilipanda London, Michael akawa anapewa mkate mmoja wa kumfikisha wiki nzima. Shule alisoma kiasi: kusoma, kuandika na hesabu kidogo. Akiwa na miaka 13 alikuwa tayari ameingia mtaani kutafuta, akisambaza magazeti ya jamaa mwenye duka la vitabu anaitwa George Riebau.

Kazi ya mkono, akili kwa kitabu

Mwaka wa 1805 Riebau akamchukua afunzwe kazi ya kushona vitabu na kuviwekea majalada. Mkataba ulikuwa wa miaka 7, na mdosi hakumlipisha ada.

Sasa hapa ndio mambo yalianza. Wengine wangeshona vitabu, wapokee mshahara, waende. Faraday alikuwa anavisoma kwanza. Siku moja akapatana na mada ya umeme ndani ya Encyclopaedia Britannica. Akapatana pia na kitabu cha kemia cha mama mmoja anaitwa Jane Marcet, kilichoandikwa kwa lugha rahisi kwa watu ambao hawajasoma sana. Akashikika. Pesa kidogo alizopata akanunua chupa na vitu vingine vya kawaida, akajitengenezea mashine ya umeme. Hakuna mtu alimwambia afanye, na hakuna mtihani alikuwa anangojea. Alitaka tu kuona kama yenye yameandikwa ni ya ukweli.

Akasikia kuna mihadhara ya sayansi mjini, kiingilio shilingi 1. Hana. Brathe yake Robert, ambaye pia alikuwa fundi wa vyuma, ndiye alimtolea. Shika hiyo, ju tutairudia.

Alivyolengwa kabla form ijipe

1812, mteja mmoja pale dukani akaona huyu kijana ana kiu, akampatia tiketi za kumskiza Humphry Davy, mwanasayansi staa wa London enzi hizo, pale Royal Institution. Davy alikuwa anajaza ukumbi na matajiri waliovaa wakapendeza. Faraday akakaa huko juu na kalamu. Aliandika kila kitu, akachora vifaa vyote, halafu akatumia ujuzi wake wa kazi kushona hizo noti zikawa kitabu cha kurasa karibu 300.

Akaandikia barua mkubwa wa Royal Society akiomba kazi yoyote ya sayansi. Akalengwa, hakujibiwa kabisa. Akamtumia Davy kile kitabu. Davy akafurahi, lakini akamshauri abaki tu na kazi yake ya vitabu, ju sayansi haina chapaa.

Unajua kilichobadilisha mambo? Msaidizi wa maabara pale Royal Institution alipigana kazini, akafutwa. Davy akamkumbuka yule kijana wa noti. Tarehe 1 Machi 1813 Faraday akaanza kazi: shilingi 25 kwa wiki na vyumba viwili juu ya jengo. Kazi yenyewe ilikuwa kuosha chupa na kupanga vifaa, lakini ndani ya maabara.

Madharau hayakuisha. Mwaka huo huo alizunguka Ulaya na Davy, na bibi ya Davy akawa anamchukulia kama mtumishi wa nyumba. Iliuma hadi akafikiria kurudi London aachane na sayansi. Akavumilia, ju huko alikuwa anakutana na wanasayansi wakubwa wa Ulaya na kuona wanavyofanya kazi.

Siku alidansi

Septemba 1821 Faraday alifanya waya wenye umeme uzunguke sumaku bila kusimama. Hiyo ndiyo babu ya mota yoyote unayoijua, kuanzia feni hadi mashine ya kinyozi. Alifurahi hadi akadansi kuzunguka meza na shemeji yake mdogo, kisha wakaenda kuona sarakasi. Mtu mzima wa miaka 29, anadansi ju ya waya.

Furaha ilikatizwa haraka. Wasee wakaanza kusema ameiba wazo la mwanasayansi mwingine, William Wollaston. 1823 jina lake lilipopelekwa Royal Society, aliyempinga ni Davy mwenyewe, yule yule aliyemfungulia mlango. Bado akapita.

Halafu ikaja tarehe 29 Agosti 1831. Alichukua pete ya chuma, akaizungushia waya pande mbili. Upande mmoja akaunganisha betri, ule mwingine kifaa cha kuonyesha umeme. Akiunganisha betri, mshale unaruka kidogo, halafu unatulia. Akiitoa, unaruka tena. Kumbe umeme unazaliwa pale sumaku inapobadilika. Wiki chache baadaye akaingiza sumaku ndani ya koili ya waya na kuitoa, umeme ukapita bila betri yoyote.

Hapo ndipo unaingia wewe. Mvuke wa Olkaria, maji ya Masinga na upepo wa Turkana zote zinafanya kazi moja: kuzungusha jenereta, sumaku na waya zipishane, stima itoke. Transfoma iliyo kwa mlingoti mtaani kwenu inatumia wazo la ile pete. Ukinunua tokeni leo usiku, unalipia kitu kilichoanza na msee aliyekuwa anashona vitabu.

Hakujifanya anajua kila kitu

Faraday hesabu kubwa ilimshinda maisha yake yote. Badala ya fomula, alichora mistari ya nguvu inayozunguka sumaku. Wengi hawakuichukulia kwa uzito. Baadaye James Clerk Maxwell, aliyekuwa moto kwa hesabu, akaigeuza michoro hiyo kuwa fomula, na kutoka hapo tukapata mawimbi ya redio.

Akiwa ameshakuwa jina kubwa, alikataa kuitwa Sir na akakataa kuongoza Royal Society. Serikali ilipotaka msaada wake kutengeneza silaha za kemikali wakati wa vita vya Crimea, alikataa pia. Lakini mihadhara ya Krismasi ya watoi hakuikataa: aliitoa misimu 19, na mojawapo ilikuwa yote kuhusu mshumaa tu. Alikufa tarehe 25 Agosti 1867.

Sasa rudi kwa ile shilingi ya Robert. Faraday alikuwa na bidii, lakini pia kuna brathe aliyemtolea, mdosi aliyemwacha asome, na mteja aliyempa tiketi. Wote walijua anapenda nini ju hakukificha. Ukificha kitu chako ndio usichekwe, hata mwenye tiketi yako hatajua akupe.

Kwa hivyo fungua ile redio imeharibika, chukua daftari, andika unachokiona. Na kama wewe ndio uko na ashu mbili za ziada na kuna mdogo wako anauliza maswali mengi, mtolee.