Aliyevuka bahari akashindwa kuvuka Lualaba

Tarehe 15 Julai isipite kwetu Maniema kama siku nyingine. Siku hiyo, mwaka 1871, David Livingstone alikuwa Nyangwe, kandokando ya Lualaba, hapa hapa Kasongo.

Alizaliwa Blantyre, Scotland, mwaka 1813, katika nchi ya waunda meli. Meli yake ndogo, Lady Nyassa, iliundwa Glasgow. Mwaka 1864 aliiongoza mwenyewe kutoka Zanzibar hadi Bombay, siku 45 baharini. Susi na Chuma walikuwa pamoja naye.

Lakini mto wetu ulimshinda. Alifika Kabambare mwaka 1869. Mwaka uliofuata vidonda vya miguu vilimfunga ndani ya nyumba siku 80. Akiwa Manyema alisoma Biblia nzima mara 4. Mwishoni mwa Machi 1871 alifika Nyangwe, akatafuta mitumbwi ya kuvukia. Wenyeji walimkatalia. Je, walikosea? Walimwona akifuatana na wafanyabiashara wa watumwa, akila chakula chao.

Ndipo siku ya soko, watu wa Dugumbe waligombana na muuzaji kwa ajili ya kuku, wakafyatua bunduki. Wengi sokoni walikuwa akina mama. Walikimbilia mitumbwi, wakazama mtoni. Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400.

Livingstone hakuweza tena kufuatana na watu wale. Aliacha safari ya Lualaba, akarudi Ujiji mgonjwa na maskini. Lakini aliandika aliyoyaona, na habari zake ziliwachochea Waingereza dhidi ya biashara hiyo. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alikubali kufunga soko la watumwa la Zanzibar. Livingstone hakusikia: alikuwa amefariki mwezi mmoja kabla, kwa Chitambo, katika Zambia ya leo. Susi, Chuma na wenzao waliubeba mwili wake hadi pwani.

Jina lake linajulikana duniani. Majina ya mama zetu wa Nyangwe anayajua Mungu. Tukiwaombea amani wauzaji wa masoko yetu mwezi huu wa Julai, tujiulize pia: sisi wahubiri tunasafiri na nani, na chakula tunachokula ni cha nani? Maana anayetutazama kutoka ng'ambo ya mto huona kwanza wale tulioandamana nao.