Daktari Robert Koch

Robert Koch alizaliwa Ujerumani mwaka 1843. Mwaka 1882 aligundua kijidudu cha kifua kikuu, akapata sifa dunia nzima.

Mwaka 1906 Serikali yake ilimgharimia safari ya kuchunguza malale katika visiwa vya Sese, Uganda. Wagonjwa wengi walimwendea, akawadunga sindano za atoksili. Wengi walipata nafuu ya muda. Lakini alipozidisha kipimo, baadhi yao walipofuka. Baadaye madaktari wenzake waliifikisha dawa hiyo Imbo, pwani ya Ziwa Tanganyika iliyo na Muhuta. Koch alifariki mwaka 1910.

Basi, ndugu wasomaji, fedha za uchunguzi zilitoka Berlin, bali macho yalitoka kwetu. Mtoa fedha asimsahau mtoa mwili.